Samaki wa Zizi la Kapkatet

Nitasema ukweli kabla safari haijaanza: niliondoka Kabarnet kwa sababu ya wivu. Ninyi mlioniaga mliambiwa nimeenda kikazi, mkaniagizia majani ya chai. Kazi ilikuwepo, sikatai, lakini wivu ndio uliofunga begi.

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikichokoa magamba ya samaki kwenye udongo mgumu wa vilima vyetu, chini ya tabaka la jivu jeupe la volkano. Ni magamba tu, madogo kuliko ukucha, kila moja na meno matatu pembeni. Samaki huyo aliishi kipindi kifupi akatoweka, kwa hiyo popote atakapoonekana, mwamba wa hapo ni wa umri mmoja na wetu. Jivu peke yake halitoshi kutuambia hivyo, maana volkano zilitapika jivu mara nyingi. Samaki mzima sikuwahi kumpata, ila jina nilikuwa nimeshamtengea: Cheboi, jina la marehemu baba, aliyenibebea magunia ya kwanza ya udongo kwa punda wake. Kibandiko chenye jina hilo kilikuwa kwenye trei, kinamngoja.

Halafu Chebet akanitumia picha. Chebet nilisoma naye chuo. Mimi nikabaki na mawe, yeye akarudi kwao Kapkatet kufundisha jiografia na kuchuma chai. Pichani palikuwa na samaki mzima, kichwa mpaka mkia, na chini ameandika, "Njoo uone mgeni wetu." Miaka kumi na mmoja mimi napiga magoti juani, halafu mwalimu wa jiografia aokote samaki mzima nyumbani kwao! Kwenye kazi yetu mwenye samaki mzima ndiye humpa jina. Kuna sharti moja tu: ajulikane ametoka tabaka gani. Nilishikilia hilo sharti kwa mikono miwili.

Jumanne asubuhi nilishuka Eldama Ravine, nikapanda Londiani kwenye ukungu, na kufikia saa sita nilikuwa Kericho. Chai pande zote, kijani kimekatwa sawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu na barabara ilitoa mvuke. Hata mvua yao niliionea wivu.

Saa nane mchana, Kapkatet. Chebet alinipokea kwa kelele, mama yake akanipa chai ya maziwa na mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, juu yake, nisipumzike. Tulikaa nje, tukitazamana na zizi la ng'ombe lililojengwa kwa mawe, wakanionyesha jiwe.

"Mama alikuwa anaegeshea nayo mlango," Chebet akasema. "Ni masalio ya mawe ya zizi. Siku moja ikaanguka ikapasuka, na huyu akatokea."

Nikatoa lenzi. Magamba yalikuwa na meno matatu. Mapezi yote yalikuwepo, hata miiba midogo ya mkiani. Haki, alikuwa mzuri kuliko nilivyomwota, na nilimchukia Chebet kwa dakika nzima huku nikitabasamu.

"Sasa tabaka lake ni gani?" nikauliza, sauti laini kabisa.

Akashusha pumzi. "Hapo ndipo tumekwama. Machimbo yalikuwa pale bondeni, lakini yamefukiwa. Sasa ni chai."

"Na hii mikato?" Ubavuni mwa jiwe palikuwa na mikato minne ya tindo.

"Hiyo ni hesabu ya fundi tu. Ya mawe aliyochonga siku hiyo."

Moyo ukaniruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Samaki bila tabaka ni picha ya ukutani. Magamba yangu yangebaki mbele, na baba angepata samaki wake.

Jumatano asubuhi Chebet alikuwa na majani ya kuchuma na kupeleka kituoni kabla gari la kiwanda halijafika. Aliniambia fundi, Mzee Langat, anajenga nyumba Sigor. Nikajitolea kwenda peke yangu. Msinisifu. Nilitaka nimsikie kwa masikio yangu akisema hakumbuki kitu.

Saa tano hivi nilipita Bomet mjini, nikachukua bodaboda hadi Sigor. Mzee Langat alikuwa juu ya jukwaa la mbao, suruali imejaa vumbi la mawe. Nilipomtajia zizi la Kapkatet akacheka.

"Kwani ng'ombe wamelalamika?"

"Hapana, Mzee. Nauliza ile mikato. Ni hesabu ya mawe?"

"Ala! Nani amekwambia hivyo? Mimi si mtu wa kuhesabu mawe." Akateremka, akanionyesha ukuta. "Hii ni safu. Ya juu kabisa ardhini naikata mara moja, ya chini yake mara mbili, hivyo hivyo nikishuka. Jiwe la chini ni gumu, limezoea kubebeshwa. Basi hata ukutani naliweka chini. Baba yangu alijenga hivyo. Nyumba inapangwa vile ilikuwa ardhini."

"Na zizi pia?"

"Zizi pia. Zile nyeupe nyeupe, laini kama unga, ni za safu ya pili. Ukirudi angalia, ziko karibu na paa."

Mikato minne: safu mbili chini ya jivu jeupe, sawasawa na kwetu. Nilikuwa nimekunywa chai nikitazamana na machimbo yote, yamesimama wima, yamepangwa vizuri kuliko daftari langu. Kapkatet na Kabarnet zilikuwa na maji ya wakati mmoja, na aliyeweza kuthibitisha ni Chebet. Furaha ya kazi ilinipanda, na wivu ukaipita njiani.

Jioni, Kapkatet. Chebet alikuwa anakoroga ugali.

"Umempata Mzee?"

"Wapi! Wameniambia amehamia kazi nyingine."

"Pole, umeenda bure," akasema, akaniwekea kipande kikubwa cha nyama. Nilikula chote.

Alhamisi asubuhi walinifungia majani ya chai, kilo mbili. Kabla ya kuondoka nilijifanya naaga ng'ombe. Kwenye safu ya nne, kwenye jiwe lenye mikato minne, palikuwa na gamba moja linang'aa, na meno yake matatu. Nikalifunika kwa kidole gumba kama mwizi. Kisha nikaondoka.

Kericho, saa nne. Gari la Londiani lilikuwa linangoja abiria wawili. Nilikuwa na majani yao mapajani, na nikawaza baba angesema nini kuhusu samaki aliyebeba jina lake kwa uongo. Baba hakuwa mtu wa kusema mengi. Angefungua tu magunia, amwage udongo chini, arudi na punda wake. Nikashuka nikampigia Chebet, nikamweleza yote bila kupumua: fundi, safu, jivu, gamba la zizini.

Nilisikia ng'ombe akilia upande wake.

"Mzee Langat alinipigia jana," akasema. "Aliuliza kama mgeni amefika salama. Akanieleza na mikato."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Akaendelea, polepole, "Nimekaa hapa zizini tangu uondoke. Nilikuwa naangalia kama utafika kwenu bila kupiga simu. Jerop, jina nitalitoa mimi. Ataitwa Langat, kwa sababu yeye ndiye aliyeweka alama. Lakini mchoro wa tabaka, wa kwetu na wa kwenu, utauchora wewe. Mimi siwezi."

Basi nimerudi. Majani yenu haya hapa, gawaneni. Mnauliza nilijifunza nini, nami nawaambia kwamba wivu haukuisha njiani. Niliondoka nao na nimerudi nao, umepungua kidogo tu. Jana nilibandua kile kibandiko cha baba kwenye trei, nikakitia ndani ya Biblia. Kipya nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa: LANGAT, KAPKATET, SAFU YA NNE.