Punje Nne Hazitoshi

Dereva wa lori kutoka Kabazi ndiye aliyeniambia kwamba mzee aliyekuwa akitunza ghala la mbegu kwenye shamba kubwa tunakoajiriwa amefariki, tena ameshazikwa. Nilipata habari hiyo nikimnyonyesha mtoto wangu wa pili. Tangu hapo sina raha. Mvua iko karibu, na sijui ni nani atakayeijaribu mbegu tutakayopewa.

Msimu mmoja nyapara aliloweka punje nne za mahindi, zote zikaota. Akatangaza kwamba kila mke wa mfanyakazi atapewa mkebe mmoja, apande punje moja kila shimo katika kishamba chake. Mzee akasema punje nne haziwezi kulisemea gunia zima. Nyapara akacheka: "Nne kwa nne, mzee. Ulitaka ziote tano?" Wanawake tukacheka naye, mimi kuliko wote. Mzee akachota punje mia kutoka juu, katikati na chini ya gunia, akazifunga kumi kumi katika vitambaa vya maji. Kitambaa kimoja kikatoa sita, kingine tatu, kingine saba. Zote pamoja zilikaribia nusu. Nikamwuliza kwa ukali niamini kitambaa kipi, maana shamba langu ni moja na mtoto anakula kila siku. Akanijibu: "Mama, hiyo nusu ni tabia ya mbegu, huwezi kuibadilisha. Unachochagua wewe ni idadi. Tia moja, karibu nusu ya mashimo yatabaki tupu. Tia mbili, yatakayobaki tupu ni karibu robo." Akatugawia kila mmoja mkebe wa pili bila ruhusa. Kesho yake alinyang'anywa ufunguo, akapelekwa kupalilia pareto.

Nami nilimlipa nini? Mahindi yalipoota, yangu yalikuwa na mapengo kuliko ya jirani. Nikamfuata huko kwenye pareto, nikamwita mwongo mbele ya watu. Alisema polepole kwamba robo ni ya mashimo mengi yakijumlishwa, hakuuahidi kila mstari. Sikumsikiliza. Mwaka ule mtoto wangu alikula mpaka mavuno mengine, na bado sikwenda kumwomba msamaha.

Naandika kwa hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Nimesoma mpaka sekondari, lakini nilitaka neno la hakika, nikamchukia aliyenipa la kweli. Mtu akiwaletea habari njema, iwe ya mbegu au ya dawa ya mtoto, mwulizeni amejaribu ngapi, na kila moja ina nafasi gani ya kufaulu. Akikasirika, msipande.