Paka Aliyenyimwa Chakula

Nilipokwenda Kilosa likizo, nilipokelewa na panya. Sijamaliza hata kumwamkia bibi nikawasikia nyuma ya ukuta, wakikwaruza na kukimbizana juu ya magunia mchana kweupe, bila haya. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, mtu haulizwi tena gunia lake analipeleka wapi, na bibi yangu, binti wa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, alikuwa akinunua mahindi Kidete na kuyarundika katika chumba cha pili mpaka bei ipande. Chumba kilinuka vumbi na mkojo wa panya. Mlinzi wake alikuwa paka jike wa rangi ya majivu, jina lake Askari.

Mimi nilitoka Mikumi, ambako mama aliwauzia chakula madereva wa malori. Kwetu mbwa na paka walikula mabaki ya nyama hadi wakaanza kuchagua. Kwa hiyo jioni ya kwanza, nilipotaka kumtupia Askari kichwa cha samaki na bibi akanishika mkono, nilishtuka. Alisema paka wa ghala halishwi. Akishiba atalala, na mahindi yataliwa. Posho yake ni panya. Niliona ni ukatili mtupu, lakini nani angembishia bibi yangu? Tena, kusema kweli, Askari alikuwa na afya kuliko paka wetu wote wa Mikumi, manyoya yanang'aa na tumbo limejaa mimba.

Likizo ilipofika katikati, mjomba alileta mapipa ya bati yenye mifuniko, bidhaa mpya sokoni wakati huo. Mahindi yakahamishiwa humo. Haikupita muda chumba kikanyamaza kimya, na bibi akawa anayasifia mapipa yake kwa kila jirani aliyepita. Askari akazaa watoto watatu huko huko nyuma ya mapipa. Nilionywa nisiwachungulie, kwa sababu paka akichunguliwa hula wanawe. Nilichungulia, bila shaka. Mtoto gani asingechungulia?

Asubuhi moja nikasikia kitu kikitafunwa taratibu, kama mtu anayetafuna muwa mkavu. Nikainama. Askari alikuwa anamla mtoto wake. Hakunikimbia wala hakunitazama, alikuwa anakula tu. Nikapiga yowe, nyumba nzima ikaja. Bibi alitazama, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama nimechungulia. Nikakubali. Akamwambia mjomba alete gunia, kwani paka aliyeonja mwanawe hafugiki tena, akatupwe ng'ambo ya mto Mkondoa. Wale wawili waliobaki walikuwa hawajafumbua macho. Nani angewanyonyesha? Hakuna aliyeuliza. Lakini mjomba alipomwinua Askari kwa shingo, niliona mbavu zake, zote, na tumbo lililogandamana na mgongo.

"Bibi," nikasema, "panya wake wako wapi?"

Bibi aliingia chumbani, akasimama kati ya mapipa yake akisikiliza. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwenye njaa hana miiko," alimwambia mjomba. "Mweke chini."

Akakanda ugali na dagaa, bila chumvi, akauweka juu ya mfuniko wa sufuria pamoja na maji. Tangu siku hiyo Askari alilishwa asubuhi na jioni, na watoto wake wawili wakakua. Kuhusu kuchungulia kwangu, bibi hakugusia tena.

Sasa naishi Mikumi, na duka la jirani linauza biskuti za paka katika mifuko yenye picha. Juzi nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo kwa sababu anahema akipanda ngazi. Daktari akasema huyu anaumwa shibe. Nimpimie nusu kikombe, basi. Nilishtuka tena, utu uzima huu, kwamba paka anaweza kuugua kwa kula. Daktari ni mkweli, na ninapima kama alivyoniagiza. Lakini biskuti hizo ni kavu, na paka wangu hutafuna taratibu. Nikisikia ule mlio, mkono wangu unaongeza.