Ncha ya Pili ya Kamba

Wiki iliyopita, huko Buluo, niliona gari la serikali likishusha mbegu za mahindi. Zilikuwa nyekundu kwa dawa, na harufu yake kali ilinirudisha kwenye shamba letu.

Nilikuwa mdogo. Monitere, mwalimu wa kilimo aliyetumwa na serikali, alikuwa amempa mama mbegu kama hizo.

"Mama, panda na kamba," alimwambia akicheka. "Mustari ukipinda, mwaka kesho mbegu hakuna!"

Mama hakucheka. Alinipa ncha moja ya kamba. "Shika nguvu, mwanangu. Usiachilie." Akaenda na ncha nyingine, mpaka nikawa nasikia jembe lake tu.

Niliamini kwamba nikiachilia, mistari yote ingepinda mara moja, na tungenyimwa mbegu. Mvua ikaja, udongo ukanukia, watu wakakimbilia nyumbani. Mimi nilibaki pale nikitetemeka, kamba mkononi.

Mama alirudi amelowa, akanikuta.

"Weye, mutoto! Mustari tulisha maliza. Uko unashika nini tena?"

Alicheka mpaka akachuchumaa, kisha akanifungua vidole kimoja kimoja.

Mama tulimzika kabla ya mvua za mwaka huu. Jana nilipanda mbegu nilizopewa kutoka gari lile. Ncha ya pili ya kamba niliifunga kwenye kijiti, na mistari ikanyooka vizuri. Nilipomaliza nilibaki nimesimama, nimeshika kamba, na hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba kazi imeisha.