Kikohozi Alichokificha Rula

Wateja wake walimwita Rula, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa msusi. Kila mstari alioupiga kichwani kwa mkia wa kitana ulinyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kana kwamba umepimwa. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara: kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti viwili vya plastiki, stuli fupi ya mteja na, nyuma ya pazia, godoro dogo alipolazwa mtoto mchanga wa wifi yake. Wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, alimsaidia kufumua na kuosha nywele, na alikuwa na ruhusa ya kumtania bila kuomba samahani.

Miaka michache kabla ya haya ninayoyasimulia, mikono ya Rula ilikuwa imeanza kumwasi. Aliamka vidole vimevimba, vina moto, havikunjiki. Hadi saa sita mchana vililegea kidogo, naye akajipa moyo kwamba ni uchovu. Lakini ilifika siku mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, akawa ndiye anayemfunga vifungo vya gauni kila asubuhi. Alifanya hivyo bila kusema neno, kwa vidole vyake vinene vyenye makovu ya cheche.

Daktari wa hospitali kuu alimweleza kwamba ana baridi yabisi. Kinga ya mwili wake, alisema, ilikuwa imekosea adui. Badala ya kupigana na vijidudu, ilishambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Vidonge vya kwanza vilijaribiwa kwa muda mrefu, vikapunguza maumivu bila kuurudisha ususi. Ndipo daktari akamzungumzia dawa mpya ya sindano. Hiyo haikuwa dawa ya maumivu. Ilizuia ujumbe mmoja tu, kati ya jumbe nyingi ambazo kinga hupelekeana inapowasha uvimbe.

Kabla ya kuianza alipigwa picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu. Vyote vilikuwa safi. Hata hivyo daktari alimkalisha chini.

"Sikiliza vizuri, mama. Dawa hii inaituliza kinga inayokuumiza. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo inayowafungia wadudu waliolala kifuani, kama wapo. Vipimo havioni kila kitu. Ukipata homa, kikohozi, jasho jingi ukilala, au ukianza kukonda, utuambie kabla ya sindano. Si baada yake."

"Nimesikia, daktari," alijibu Rula upesi. Macho yake yalikuwa kwenye friji iliyotunza dawa.

Sindano ilifanya kazi. Asubuhi moja alifungua kopo la mafuta ya nywele, akachota, akaanza kupaka kichwa cha mteja, na hapo tu ndipo alipotambua kwamba kopo amelifungua mwenyewe. Alikaa akilitazama. Wifi yake alimwambia, "Wifi, ni kopo tu, usililie," naye mwenyewe alikuwa akifuta machozi kwa taulo la mteja.

Baadaye likatokea jambo dogo lililomfundisha somo baya. Aliota jipu kwenye kwapa, akamwambia muuguzi wa kliniki kwa uaminifu. Sindano ikaahirishwa hadi jipu lipone. Kabla halijapona vidole vilishaanza kukakamaa, na siku moja alishindwa kumaliza kichwa alichokianza. Mteja aliondoka amesukwa upande mmoja, amejifunga kitambaa, anatabasamu kwa huruma. Rula hakuisahau huruma ile. Alihitimisha moyoni kwamba anayemweleza muuguzi ukweli hunyimwa sindano.

Kwa hiyo kikohozi kilipoanza, hakumwambia mtu.

Kilikuwa kikavu na cha haya, kikija jioni kazi inapokaribia kwisha. Alilisingizia vumbi la nywele bandia. Akiwa amebana kitana kwa meno, kama wafanyavyo wasusi, alijifunza kukimeza kabla hakijatoka. Lakini wifi mtu alikuwa na masikio.

"Wifi, hicho kikohozi kinalipa kodi? Maana naona kimehamia kabisa."

"Ni vumbi."

"Vumbi hilohilo mimi nalivuta. Mbona mimi silii kama mbuzi aliyefungwa juani?"

"Wewe una mapafu ya ng'ombe."

"Na wewe una roho ngumu. Alhamisi kliniki utamwambia muuguzi."

"Alhamisi nitamwambia muuguzi habari za asubuhi."

Nyumbani alianza kuamka kabla ya mumewe ili aifue foronya iliyolowa jasho. Gauni lake la kazini lilimpwaya kiunoni, akalibana kwa pini. Mumewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akizitazama foronya kwenye kamba.

"Siku hizi zinafuliwa kila kukicha."

"Nimekuwa msafi. Hupendi?"

Aliangalia ile pini kiunoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanywa chai yake na kwenda kazini. Rula alimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza, ingawa ukimya ule ulimkaa mgongoni siku nzima.

Jumatano, siku moja kabla ya kliniki, alikuwa akimsuka mwalimu wa chekechea, mteja wa tangu zamani. Mwalimu alikaa kwenye stuli fupi, shavu lake limeegemea paja la Rula, kama ilivyo desturi anaposukwa mtu nyuma ya sikio. Ghafla aliinua kichwa.

"Rula, paja lako linachoma kama pasi."

"Ni joto la leo."

"Joto la leo limepita chini ya gauni? Mimi pia niko kwenye joto hilo, na shavu langu halichomi." Alimtazama usoni. "Ugonjwa wa vidole umerudi?"

Rula alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vyembamba, vyepesi, vimeshika fundo la nywele kwa wororo ule wa zamani. Havikuwa na tatizo lolote. Moto ulikuwa mahali pengine, na kuanzia dakika ile hakuweza tena kujidanganya kwamba hajui ni wapi.

"Inamisha kichwa, mwalimu," alisema. "Nimebakiza mistari michache."

Mwalimu alipoondoka, wifi alirudisha mlango, akaegemea.

"Usiposema kesho, nitasema mimi."

"Ukisema utakuwa umenikata mikono. Unataka kaka yako arudi kunifunga vifungo? Unataka nilishwe kwa kijiko?"

"Nataka uwe hai, wifi. Vifungo nitakufunga mimi."

"Rahisi kusema kwa aliye na vidole." Rula alishusha sauti. "Nisemee, halafu usikanyage tena mlango huu. Nakwambia bila utani."

Katika miaka yote waliyofahamiana walikuwa wamegombana kwa kucheka; hawakuwahi kutishana. Wifi alikwenda nyuma ya pazia, akamwinua mtoto aliyelala, akamweka begani.

"Sitasema," alijibu hatimaye. "Ila kesho nakusindikiza. Nitakaa nje ya mlango na huyu. Utafanya utakavyo."

Asubuhi ya Alhamisi Rula alimeza vidonge vya kushusha homa kabla ya kutoka. Alidhani yuko peke yake uani, lakini wifi alikuwa tayari langoni, mtoto amefungwa mgongoni.

"Hata kipimajoto unataka kukiibia mtihani," wifi alisema, na huo ndio ukawa mwisho wa maongezi yao njiani.

Ukumbi wa kliniki ulinuka dawa ya kusafishia sakafu. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi, wengine wameshikilia fimbo, wengine wamekunja mikono mapajani kama vitu walivyoazimwa. Rula aliwajua wengi kwa sura. Alipoitwa aliingia bila kugeuka.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, aliyewahi kusukwa saluni kwake. Aliweka kipimajoto, akakisoma, akaridhika.

"Huna joto. Homa yoyote tangu tuonane?"

"Hapana."

"Kikohozi?"

"Hapana."

"Unatoka jasho ukilala? Umepungua?"

"Hapana, dada. Kazi tu inanikimbiza."

"Ikukimbize kwangu, nywele zimenichoka." Muuguzi alifungua friji, akatoa bomba la sindano, akaliweka juu ya trei. "Tuiache kidogo ipoteze ubaridi. Ikichomwa hivi itakuuma bure. Nakuja."

Alitoka kupitia mlango wa ndani kumwona mgonjwa mwingine.

Rula alibaki na trei. Lile bomba lilikuwa jembamba, na ukungu wa friji ulianza kukusanyika juu yake na kuwa matone. Hakuna aliyemshurutisha kusema lolote. Maswali yalikuwa yamekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu mpaka dawa ipate joto la chumba, na saluni ingebaki kuwa saluni. Kikohozi kilimpanda kooni. Alibana midomo, akajikaza kisabuni, macho yakamjaa maji. Kikashuka. Kikapanda tena, akakimeza tena, mikono yake mizima imeng'ang'ania kingo za kiti.

Ndipo alipokisikia, si kifuani mwake bali kutoka ukumbini: kikohozi kidogo, kikavu, cha kurudiarudia. Alikitambua. Kilikuwa cha mtoto wa wifi.

Aliona lile godoro nyuma ya pazia, na mlango ambao yeye mwenyewe aliufunga kila jioni ili vumbi la barabarani lisiingie. Alijiona akimwinamia yule mtoto, pua kwa pua, akimchekesha wakati mama yake akifagia. Aliona shavu la mwalimu juu ya paja lake, na vichwa vyote alivyoviinamia akimeza kikohozi kana kwamba kukimeza ni kukimaliza.

Muuguzi alirudi, akapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, akashika bomba.

"Legeza mwili."

"Subiri, dada."

"Inauma kidogo tu, unajua."

"Si hilo. Nimekudanganya."

Alitaka kuendelea, lakini kikohozi alichokizuia tangu alfajiri kilitoka chote kwa pamoja, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Muuguzi hakumkemea. Aliisukuma trei mbali, akafungua dirisha kwa upana wake wote, akampa barakoa, yeye akavaa yake, akamwita daktari.

Rula aliwaeleza yote: foronya, pini, vidonge vya asubuhi ile. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ya jipu," alisema Rula, na ilibidi afafanue.

Daktari aliinamisha kichwa. "Basi na sisi hatukukueleza vya kutosha. Tunaposimamisha dawa hatukuadhibu. Ungechomwa leo, kinga ingezidi kulala, na ugonjwa wa kifuani ungetembea mwilini mzima."

Picha na vipimo vya makohozi vilithibitisha kifua kikuu. Kilikuwa bado upande mmoja wa pafu. Angemeza dawa kwa miezi kadhaa, na sindano ingesimama. Kwa viungo angepewa vidonge vya kushikilia hali, visivyo na nguvu sana. Kifua kikishadhibitiwa, daktari alisema, wangezungumza upya juu ya sindano, pengine ya aina nyingine. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

Alipotoka kwenda kupigwa picha ile, alimkuta wifi ukumbini. Alisimama mbali naye, barakoa usoni.

"Mtoto apimwe," alisema. "Nimemsikia akikohoa."

"Huyu? Alipaliwa na maziwa, wifi. Nilikuwa namnyonyesha haraka haraka, moyo uko kwako."

Rula alikaa kwenye benchi. Alicheka kidogo, kisha mabega yakaanza kutikisika, na haikuwa rahisi kujua kama bado ni kicheko. Hata hivyo mtoto alipimwa siku hiyohiyo. Hakuwa na ugonjwa, akaanzishiwa dawa ya kinga kwa tahadhari.

"Kwa hiyo mwanao amenidanganya," Rula alisema njiani.

"Amemlipizia muuguzi uliyemdanganya."

Aliyoyahofia yalitimia. Wiki zilivyopita, vidole vilianza kukaza asubuhi, na mumewe akarudi kwenye vifungo. Safari hii alisema neno moja alipokuwa akifunga cha mwisho: "Ungeniambia." Rula alijibu kwamba anajua.

Daktari aliporidhika kwamba hawezi tena kuambukiza, Rula alirudi saluni. Mlango na dirisha sasa vilikaa wazi, vumbi likaingia lipendavyo. Wifi alisuka, naye akakaa kando akisimamia. Mteja wao wa kwanza alikuwa mwalimu wa chekechea.

"Huo mstari unaelekea wapi, wifi?" Rula aliuliza baada ya muda.

"Kisogoni."

"Utafika umechoka. Nipishe."

Aliketi, mwalimu akaegemeza shavu mahali pake pa siku zote. Vidole vya Rula havikuweza kukishika kitana, kwa hiyo alikikamata kwa ngumi, kama mtu ashikavyo mpini. Maumivu yalimfanya ashushe pumzi kwanza. Kisha akauburuta ule mkia polepole kutoka kwenye paji la uso, juu ya utosi, hadi kisogoni.

Wifi aliinama kuutazama mstari, hakuona dosari.

"Pasi imezimwa," alisema mwalimu, macho ameyafumba.

"Imezimwa. Usitikisike, bado mistari mingi." Alimpa wifi kitana apanguse mafuta, akanyoosha ngumi yake kukipokea tena. "Na Alhamisi utanisindikiza. Muuguzi akiuliza kama nina kikohozi, nitamhesabia hadi chafya."