Makadirio ya Koki Sita

Mjomba wangu ni fundi bomba, na kosa lake kubwa maishani ni kuzaliwa na mtu aliyeandika riwaya. Kitabu hicho cha babu kinasomwa shuleni na kuwatoa watu machozi: wengine kwa utamu wake, wengine kwa alama walizopata. Mjomba mwenyewe aliishia ukurasa wa tisa. Husema, "Baba alishanisema vya kutosha nyumbani. Nikamfuate na kitabuni?"

Basi vyoo vya bweni la wasichana, shule ya jirani, viliharibika. Mjomba aliitaka kazi ile kwa udi na uvumba, maana miezi mitatu alikuwa akibadilisha mipira ya koki za majirani na kulipwa shukrani. Akaenda, akakagua, akachana kipande cha boksi la vifaa na kuandika hapo makadirio yake:

"Mabomba mawili yameoza. Koki sita zinavuja. Nipeni siku tatu."

Mwalimu mkuu aliposoma, alivua miwani.

"Nipeni siku tatu," akanong'ona. "Jamani, damu haipotei!"

Akamwita mwalimu wa fasihi, aliyekuja mbio na chaki mkononi. "Yameoza... zinavuja... nipeni! Ona anavyozipandisha hisia! Na kwa nini sita, ndugu yangu? Sita inaashiria nini?"

"Inaashiria koki sita, mwalimu," mjomba akajibu. "Twende chooni tukazihesabu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kumbe hata ucheshi ni wa baba yake!

Kipande cha boksi kikawekewa fremu na kioo, kikatundikwa ofisini kando ya picha ya babu. Wiki mbili zikapita. Kidato cha nne wakabishana kama mabomba ni wazazi au ni serikali, huku wasichana wakivuka korido kwa kuruka juu ya matofali kama mbuzi.

"Mama, nitilie sahihi tu pale chini, nianze kazi," mjomba akamwomba mwalimu mkuu.

"Niichafue kazi kama hii kwa mwandiko wangu? Mungu aniepushe!"

Alirudi nyumbani amevimba. Akanigeukia mimi, msomi wa ukoo, niliyeachana na diploma katikati ya safari.

"Mpwa wangu, andika wewe. Yangu yameshakuwa pambo."

Hapo ndipo nilipokuwa napangoja tangu kuzaliwa. Na mimi si damu ile ile? Nikajaza kurasa tatu. Nilianza na alfajiri, nikapitia kilio cha koki, nikamalizia na mto unaoitafuta bahari. Idadi ya koki nikaibana pembeni, isiharibu mtiririko. Kesho yake nikamsindikiza mjomba, nikasifiwe mwenyewe.

Mwalimu mkuu alianza kusoma amesimama. Ukurasa wa pili akaketi. Wa tatu akapiga mwayo, nikaona mpaka jino la mwisho.

"Nani kaandika?"

"Mpwa wangu huyu," mjomba akasema. "Mjukuu wa Mwandishi."

"Hapana, baba, usimsingizie marehemu. Hii haina kipaji hata cha kulamba. Hii ni karatasi ya kazi tu."

Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Siku ya tatu koki zote sita zilikuwa kavu. Mjomba aliingia nyumbani akipiga mluzi, akanipiga kofi la mgongo.

"Mpwa, una mkono wa baraka! Mwezi ujao kuna zahanati. Uniandikie vibaya vile vile."