Dawa ya Mbuzi

Kila nikipita duka la dawa za mifugo hapa Lodwar, harufu ile ikinipata, naficha mkono mfukoni.

Utotoni, kule Kakuma, nilifuga nyoka wa mchangani ndani ya jerikeni lililokatwa. Utitiri ukamjaa chini ya magamba. Baba akaleta dawa ya kuua kupe, kali, bila kuichanganya na maji.

"Mbuzi inapona na hii. Nyoka itapona tu."

Akamkaba shingo, akampaka kwa kitambaa. Nyoka alijipinda, akaponyoka, akawa anajing'ata mwenyewe mpaka damu ikatoka. Baba akamponda kichwa kwa jiwe, akalichoma moto jerikeni.

Kisha akaona utitiri ukitembea mkononi mwangu.

"Leta mkono," akasema, akikichovya tena kitambaa.