Baba mdogo kahama upande katikati ya posa ya mdogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Okolona, Louisville.

Nimetoka shift sasa hivi, miguu haina hata nguvu, lakini hili nisipolitoa leo litanipasua. Ni kweli tupu. Mke wangu anasoma kila ninachoandika na ameahidi kunisahihisha.

Iko hivi. Mdogo wangu Eliya alipata mchumba Buffalo. Binti anaitwa Neema, Mkongo wa Uvira, mtulivu, ana adabu zake. Sisi ni Warundi tuliokulia makambini Tanzania, kwa hiyo pande zote mbili tunajua posa haiendi kienyeji. Wazee wa mume wanakaa huku, wa mke kule, mnatazamana, kila upande una msemaji mmoja. Wengine wote kimya.

Baba yetu alishafariki. Wazee waliobaki upande wake ni wawili tu, na wote wako Uingereza.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Baba mkubwa Simeoni yuko Coventry. Amestaafu kuendesha mabasi na ni mwanachama wa chama chekundu, kile kilichoko madarakani. Baba mdogo Festo yuko Leeds, ana saluni yake ya kunyolea. Huyu amejiunga na kile chama kipya kinachopiga kelele kwamba nchi imejaa, mlango ufungwe.

Majina ya vyama sitayataja, wajuzi mtanielewa. Wa bluu nao wapo, ila kwenye hii stori hawana mtu. Naskia siku hizi hata kwao watu wanapungua.

Sasa sikilizeni hii. Hawa ndugu wawili waliingia Uingereza siku moja, kwenye lori moja, wamelalia magunia ya vitunguu. Aliyeingia kwa lori la vitunguu leo anataka mipaka ifungwe. Nilidhani ni utani mpaka nilipomwona amevaa beji.

Tangu uchaguzi wao uliopita hawalali nyumba moja. Ndiyo maana walipokuja Marekani kwa ajili ya posa, Simeoni alifikia kwangu, Festo akafikia kwa ndugu yetu mmoja pale Clintonville, Columbus. Mpango ukawa tukodi van, mimi na mke na binti yetu, mama, Eliya na Simeoni tutoke Louisville, tumpitie Festo Columbus, tunyooshe hadi Buffalo.

Louisville mpaka Columbus palikuwa pa amani. Mama alikula karanga, Simeoni akalala.

Festo alipopanda tu, alimwambia Simeoni, "Naona wamekuacha uingie bila kukuuliza karatasi." Hata mlango wa van ulikuwa haujafungwa.

Wakuu, niliendesha kutoka Columbus hadi Buffalo nikisikiliza bunge la Uingereza. Mashua zinazovuka bahari kutoka Ufaransa. Mkataba wa haki za binadamu, tutoke au tubaki. Mgeni asubiri miaka mingapi apate ukaazi wa kudumu. Bendera zinazofungwa kwenye nguzo za taa, ni uzalendo au ni kutishia watu. Nani ampindue waziri mkuu na lini. Kule kiongozi anabadilishwa kama soksi, lakini kila soksi inatetewa kufa na kupona.

Binti yangu akatoa headphone sikio moja. "Dad, do they know we're in Ohio?"

Nikamwambia avae tena.

Na msidhani huyu mwekundu alikuwa na nafuu. Festo alipombana kwamba hata serikali ya wekundu inawakazia wageni, Simeoni alijibu kwa sauti ya msomi, "Sisi hatufungi mlango. Tunabadilisha kitasa tu." Akajiegemeza kwenye kiti, anajiona kamaliza kazi.

Tukasimama kuweka mafuta. Festo akadai msemaji wa posa apigiwe kura, asiteuliwe kwa sababu ya umri. Wakuu, tulipiga kura ya msemaji kwenye gas station, baridi inakata masikio. Simeoni akashinda, maana mama alimpa yeye na mke wangu akamfuata mama. Festo akasema ameyapokea matokeo, kwa sasa.

Hilo "kwa sasa" nilipaswa kulitilia maanani. Sikulitilia.

Tukafika Buffalo, theluji hadi magotini. Nyumba imejaa, sambusa zinanukia, viti vimepangwa mistari miwili inayotazamana. Msemaji wao ni Papa Kashindi, mzee aliyemlea Neema tangu mdogo. Anafanya kazi ya kutunza wazee, na alikataa kuweka msemaji mwingine kwa sababu hamwamini mtu. Mfupi, mpole, macho hayatulii. Makoti yetu yalipelekwa chumbani, tukakaa. Neema yupo chumba cha pili na mashangazi zake, kapambwa, anasikiliza kila kitu.

Papa Kashindi akaanza ule utani wa posa. "Bon. Siye tuko kwetu, tunakula. Tunaona watu. Donc, ninyi ni nani, na juu ya nini tuwapokee?"

Hapo msemaji anayejijua anatia maneno matamu, watu wanacheka, mambo yanakwenda. Simeoni akasimama na kuanza kueleza kwamba upande wetu unaheshimu taratibu, umefanya mapitio ya kina, na unaahidi mabadiliko kwa awamu. Eliya kainamisha kichwa, maana bwana harusi haruhusiwi kusema. Nikaona shingo yake inalowa jasho.

Ingeishia hapo tungepona. Lakini Simeoni akaongeza kwamba familia yetu ni ya watu wa umoja, siyo kama wale wanaokimbilia kelele za mtaani.

Festo akasimama.

Kwa wasiojua, bungeni kwao nako pande mbili zinatazamana, na mbunge akichoka na wenzake anainuka hadharani, anavuka, anakwenda kukaa upande wa pili. Siku hizi wanavuka sana, na Festo huwa anatutumia video zao kwenye group la familia.

Baba mdogo alifunga kifungo cha suti, akavuka zulia, akaenda kukaa katikati ya wanawake wa upande wa Neema. Mmoja ilibidi asogeze mkoba wake.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Mama alijifunika uso na kitenge.

Papa Kashindi hakushtuka. Kwa desturi yao, ukikaa upande ule wewe ni wa kwao. Akamgeukia kwa heshima zote. "Karibu, papa. Sasa uko mtu wa hii nyumba. Donc, tuambie. Hawa watu wa Louisville, tuwapokee ao tuwarudishe inje?"

Festo akasimama, kifua mbele. "Wangoje nje. Kila kitu kina utaratibu. Nyumba haiwezi kumpokea kila anayepiga hodi."

"Umesema muzuri," akasema Papa Kashindi. "Hata mimi naona tuko wengi humu ndani. Sasa, ku huu upande wetu, wa mwisho kufika ni nani?"

Watu wakatazamana. Halafu wote wakamtazama Festo.

"Ni wewe, papa. Enda inje, ungojee."

Nyumba nzima iliangua kicheko, hata sisi. Na Festo, kwa kiburi chake, akaenda. Na suti yake, bila koti. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Mimi nilidhani utani umefika mwisho wake. Papa Kashindi akamgeukia Simeoni. "Ndugu yako iko inje, na baridi ni kali. Tumurudishe ao tumuache?"

Wakuu, huyu ndiye aliyenihubiria utu na huruma kutoka Columbus hadi Buffalo. Alitakiwa kusema neno moja tu. Akarekebisha miwani.

"Hilo ni suala nyeti. Napendekeza tumalize ajenda kwanza, kisha tuunde kamati."

Kicheko kikakatika. Sura ya utani ikamtoka Papa Kashindi.

"Mtoto wetu akikuja kwenu," akasema taratibu, "siku akikosana na mtu mumoja, mutamuwekea kamati?"

Simeoni akavua miwani, akaanza kuifuta. Papa Kashindi hakumsubiri.

"Bon. Chakula iko tayari, mule, mushibe. Mambo ya Neema tuiache. Tutaongea mwaka ingine."

Kule chumba cha pili nikasikia mtu amevuta pumzi kwa nguvu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nikaona posa imekufa mbele ya macho yangu, imeuliwa na nchi ambayo mdogo wangu hajawahi kuikanyaga. Nilikuwa na hasira ya kuweza kung'ata kiti.

Eliya akasimama. Mila haimruhusu. Hakusema kitu, akaenda chumba cha makoti, akatoka na koti lake, akafungua mlango, akatoka nje.

Walikawia. Waliporudi, Festo alikuwa ndani ya koti la Eliya, theluji kwenye nyusi, midomo inatetemeka. Eliya akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha bwana harusi, yeye akabaki amesimama.

Papa Kashindi akamwangalia Eliya kuanzia viatu hadi kichwa.

"Huyu nimemuona," akasema. Halafu akapaza sauti kuelekea chumbani, "Neema, kuya mama, kuya uone wageni."

Mama yangu alilia. Na mimi nililia, semeni mnavyotaka.

Tukala, tukacheza, kesho yake tukaanza safari. Simeoni alikaa nyuma kabisa ya van, hana hoja. Festo akakaa mbele na mimi. Tulipokaribia Columbus nikamuuliza kitu kilichonikereketa usiku kucha. Ule mlango haukufungwa kwa ufunguo. Kwa nini hakurudi ndani?

"Nilikuwa nasubiri kuitwa," akasema.

Akaendelea mwenyewe. Kwamba wale wekundu aliwapigia kura miaka yote, hawakuwahi kumwita hata kwenye kikombe cha chai. Hawa wapya walimwita kwa jina, wakampa kiti cha mbele, wakapiga naye picha.

Nilimhurumia, kweli kabisa. Lakini ulimi wangu mnaujua.

"Baba mdogo, wamekuita uwashikie mlango."

Aliangalia dirishani mpaka tukaingia mtaa aliofikia. Nilishafikiri nimevunja undugu. Akajibu bila kugeuka.

"Najua."

Akashuka, akachukua begi lake, akanishukuru kwa lifti.

Wiki ileile aliyorudi Leeds akaweka picha mpya kwenye group la familia. Yuko mkutanoni na wale watu wake, kiti cha mbele, beji kifuani, anacheka. Simeoni akajibu na makala ndefu ambayo hakuna aliyeisoma.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu hafuati chama kwa sababu ya sera, anafuata aliyemtengea kiti. Na wale wanaojisifu kuwa na huruma, wapime siku mtu wao akiwa kwenye baridi, usiwapime kwenye hotuba. Harusi ipo mwezi wa sita, na msemaji safari hii ni mama.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye mzee wa aina hii kwenye familia atuambie anaishi naye vipi. Na nyie mlioko Uingereza mnaojiandaa kunitukana, anzeni kwa kusema mlipanda lori la nini.